Aliyetoka wa Kwanza Baada ya Kufungwa

Maili Moja, Kibaha
Jumapili jioni

Elia mwanangu,

Umekwenda Marui kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule. Baba yako yuko kanisani, kwaya ina mazoezi. Nyumba imetulia, nami nimekaa mezani kuandika kile nilichoshindwa kukuambia asubuhi. Nikikuambia kwa mdomo nitaishia kukuhoji. Wewe mwenyewe umeshaniambia mara nyingi, "Mama, hapa si mahojiano." Kazi ya uandishi imenizoesha hivyo na sasa nimezeeka nayo. Kwenye karatasi angalau siwezi kukukatiza.

Mambo ya safari sitayagusa. Una miaka thelathini na minne, umepanda ndege nyingi kuliko mimi, na goti lako unalijua kuliko daktari. Nataka kuandika kuhusu simu ya kocha.

Uliiweka kwenye spika tukiwa tunakula, ukidhani ni habari njema tupu. Kocha wako mpya wa kikapu ni Mkenya mwenye maneno machache. Alisema, "Elia, sitakudanganya. Dakika zako zitakuwa chache. Vijana wa kukimbia ninao. Mtu mzima sina." Kisha akaongeza kwamba huko Kigali utalala chumba kimoja na Gadi, na kwamba Gadi ndiye atakayeanza kwenye nafasi yako. Ukasema, "Sawa, kocha," ukakata simu, ukasukuma sahani.

"Mimi si yaya," ulisema.

Baba yako akajaribu utani. "Yaya mzuri siku hizi hapatikani, mwanangu. Ungejivunia." Hukucheka. Na leo asubuhi, ukifunga zipu ya begi, ukasema lile lililonikalisha hapa: "Siku ya kwanza ya mazoezi, mama, yule mtoto atanijua. Namwangusha mbele ya wote. Baada ya hapo ndiyo tuongee habari za chumba."

Ninajua Gadi alikufanya nini. Nilikuwepo siku mlipocheza na timu yake, nimekaa benchi la waandishi. Alikuja na mpira mbele yako, akainamia kushoto, ukamfuata, akarudi kulia, na wewe ukabaki umekaa sakafuni na mikono nyuma. Mechi iliendelea, mlishinda hata hivyo, lakini watu hawakukumbuka nani alishinda. Walikumbuka zile sekunde chache zilizokatwa na kusambazwa kwenye simu. Hata hapa Maili Moja vijana wa bodaboda walikuwa nazo. Nilikuwa nanunua vitunguu ulipopita kijiweni kwao.

"Kaka Elia, umeshainuka?"

"Mwacheni kaka, sakafu ilikuwa na maji!"

"Maji wapi! Kijana wa Kigoma alimwambia kaa, naye ni mtu wa adabu, akakaa!"

Ulicheka pamoja nao, ukagonga nao mikono. Lakini tangu siku ile ulianza kupita njia ya nyuma ya maduka. Niliona, sikusema.

Ninachoogopa nitakitaja wazi. Ninaogopa utakwenda Kigali ukiwa na kazi moja kichwani, na siyo ile waliyokuitia. Utaifanya na utafanikiwa, maana kwa siku moja bado unaweza kumwangusha yeyote. Halafu timu itakuwa na kijana anayeogopa kurudi chumbani kwake, na wewe utakuwa umemalizia mchezo wako kwa jambo hilo. Sisemi kwa kubahatisha. Nimeshaona mchezaji mkongwe akimwacha kijana aumie, na mimi nilikuwa na mkono wangu ndani yake.

Hujawahi kunisikia nikimtaja Modesti. Alikuwa nahodha wa timu ya Dar niliyopewa kuifuatilia nilipohamishiwa michezo, wakati wewe umeanza shule ya msingi. Umri wa kucheza dakika nyingi ulikuwa umempita. Alikuwa na kitambi kidogo, na kifundo cha mguu alikifunga bandeji pana kama mtu aliyeteguka jana. Timu iliposhinda hakuonekana. Vijana walitoka wakiimba, sisi waandishi tukawazunguka, yeye akapitia mlango mwingine na begi lake. Timu ilipofungwa, alikuwa wa kwanza kutoka. Alitoka bado amevaa jezi, jasho halijakauka, akasimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo akajibu kila swali. Alijibu kirefu. Alijibu hata maswali ya kijinga, na mengine aliyarudia mwenyewe ili ayajibu upya. Sisi tulikuwa tunakimbizana na mtambo wa kuchapa, gazeti halisubiri mtu. Alipomaliza, muda wetu ulikuwa umekwisha, tukaondoka bila kumwona mchezaji mwingine.

Sikuelewa alichokuwa anafanya. Niliona mtu ambaye hachezi lakini anaongea. Niliandika makala, na mhariri akaiwekea kichwa nilichompendekezea: "Nahodha wa Kipaza Sauti". Dakika alizocheza zilikuwa sahihi. Pointi zilikuwa sahihi. Maneno yake niliyanukuu neno kwa neno, hakuna aliyeweza kunisahihisha. Niliisoma asubuhi nikinywa chai, nikaridhika.

Mashabiki waliipokea kuliko nilivyotegemea. Mechi iliyofuata, kila Modesti alipoinuka benchini, jukwaa zima liliimba, "Ki-pa-za! Ki-pa-za!" Na wachezaji wenzake wawili watatu, nikawaona, walificha vicheko kwenye taulo.

Kisha wakafungwa mechi ambayo hawakupaswa kufungwa. Kijana wao mmoja, Sefu, mtoto wa wakulima wa Mlandizi, alipewa mitupo miwili ya adhabu mwishoni kabisa. Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Tukaenda mlangoni kama kawaida kumngoja Modesti. Mlango ulipofunguka, akatoka Sefu, peke yake, amevaa viatu vya mpira ambavyo kamba hajazifunga. Hakuna aliyemtuma. Nafikiri alidhani ni lazima mtu atoke.

Tulimuuliza sote kwa pamoja. Alikuwa hajajifunza kujibu bila kusema kitu. Alisema, "Niliogopa. Mpira ulikuwa mzito mikononi." Mimi ndiye niliyekuwa karibu, mimi ndiye niliyeandika. Kichwa cha habari kilikuwa neno lake moja tu, "Niliogopa". Na lenyewe lilikuwa sahihi.

Unaweza kumalizia mwenyewe. Kila alipopokea mpira, jukwaa lilimwambia, "Usiogope, mtoto!" Akaanza kuutoa mpira haraka kama unamchoma. Kabla msimu haujaisha aliacha, na hakucheza tena popote. Nilimtafuta baadaye, nilipokuwa nimeelewa. Anafundisha shule ya msingi kulekule kwao. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akaniuliza habari za kazi na za foleni ya Morogoro Road. Hakutaja kikapu, nami niliyekwenda na maneno yangu nimeyapanga, sikutaja. Tukaagana kama watu waliokutana benki. Sijui kama alinitambua. Hilo ni swali moja ambalo katika maisha yangu yote sikuuliza.

Nilielewa vipi? Kwa kuambiwa, kama kawaida ya mambo mengi niliyoyaelewa. Ofisi ilinituma Magindu kuandika habari za malisho, na kwenye duka la dawa za mifugo aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa Modesti. Kitambi kimekua, ndevu nyeupe.

"Mama wa magazeti!" alisema. "Karibu. Leo umekuja kuhoji ng'ombe?"

"Nimekuja kuhoji wenye ng'ombe."

"Afadhali. Ng'ombe mwenyewe angekujibu kwa kifupi, ungemwandika anaringa."

Nilimwambia samahani. Sikuizungusha, nilisema ile makala nilikosea. Akanisogezea kigoda.

"Samahani ya nini? Uliandika kweli. Mimi kuongea nilikuwa napenda, mke wangu mpaka leo ananiomba ninyamaze. Wale vijana walikuwa hawapendi, mimi napenda. Sasa nani atoke?"

"Mbona hukuniambia ulikuwa unawakinga?"

"Nikuambie nini, dada yangu? Nisimame pale niseme, jamani, natoka mimi ili msimle yule aliyepoteza mpira? Si nimeshamtaja?"

Nikamuuliza na lile jambo jingine nililoliandika, kwamba robo za mwisho alikuwa anachoka, anaomba mwenyewe kutolewa. Akacheka. "Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naona kijana amewaka benchini, mimi nimepoa. Namnong'oneza kocha, nitoe. Ningepiga kelele watu waseme nini, kwamba mzee amekubali ameisha? Alinitoa kama wazo ni lake."

Mteja akaingia kutaka dawa ya kupe. Modesti akamhudumia, akamweleza namna ya kuichanganya na maji, akamfuata mlangoni kumweleza tena. Aliporudi hakukaa.

"Lakini siku ya Sefu usijibebeshe peke yako," alisema. "Mimi nilikuwa ndani. Nilimwona anaelekea mlangoni. Nikasema moyoni, si wameniita Kipaza? Basi leo waone pasipo na Kipaza. Nilinuna. Mtu mzima, nina watoto nyumbani, nilinuna, na mtoto wa watu akatoka."

Elia, nimefanya kazi hii kwa muda mrefu na nimehoji watu wengi kuhusu uongozi, mawaziri wakiwemo. Sijapata jibu lililonikaa kama hilo. Mtu alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa amedharauliwa kweli, tena hadharani, tena na mimi. Lakini hasira yake haikunifikia mimi niliyemkosea wala haikuwafikia wale waliomwimba. Ilimpata aliyekuwa mdogo kuliko wote chumbani. Yeye alipumzika dakika kumi tu kwenye kazi ambayo hakuna aliyejua anaifanya, nayo ilitosha.

Usidhani nakuomba uwe mpole. Wakongwe wapole nimewaona. Kulikuwa na mmoja katika timu nyingine, kila mtu alimpenda, aliwanunulia vijana soda, alijua vichekesho vya kila kabila. Vijana walichelewa mazoezini, walirudi hotelini alfajiri, naye aliwafungulia mlango akicheka. Timu ile ilioza akiwa ndani yake, na mpaka leo wanamsifu. Modesti hakuwa hivyo. Siku moja nikiwa nje ya mlango nilimsikia akimwambia mchezaji mmoja, "Ukichelewa tena usije kabisa. Ukija, nitakutoa mimi kabla kocha hajaamka." Dakika chache baadaye akatoka, tukamuuliza yule mchezaji ana nini. "Amechoka na safari," akatujibu. "Mwacheni alale." Yaani ndani alisema yote, na nje hakusema hata moja. Mimi nilisikia pande zote mbili kwa masikio yangu, na bado niliandika kwamba nahodha huyu anatetea wazembe.

Sasa sehemu iliyonichelewesha. Nimeinuka kutafuta chai mara mbili.

Ulipoanza kucheza shuleni, nilikuwa nikikuuliza swali moja kabla hujavua viatu. "Umefunga ngapi?" Baba yako alikuwa akisema, "Mama Elia, mwache mtoto ale kwanza." Mimi niliona ninakuonyesha kwamba najali. Wazazi wengine hawakujua hata mchezo wenyewe, mimi nilijua, nilikuwa mtu wa kazi hiyo. Siku moja mlikwenda kucheza Kisarawe, ukarudi umechafuka vumbi jekundu, unaongea toka getini. Mlikuwa mmeshinda. Kulikuwa na mwenzenu mrefu aliyekuwa haguswi na mtu, na wewe ulikuwa umempa mpira mchana kutwa, ukinionyesha kwa mikono jinsi ulivyokuwa ukiupitisha. Nikakuuliza ngapi. Ukasema mbili. Nikasema, "Mbili tu?"

Ukaenda kuoga.

Mechi iliyofuata ulitupia kila mpira ulioushika, ukafunga nyingi, nami nikafurahi na kuwaambia wenzangu ofisini. Baadaye mwalimu wako wa michezo alikuja mpaka hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia, akaniuliza kwa heshima kabisa kuna nini nyumbani, mbona Elia hatoi pasi tena. Nilimjibu kwamba wewe ni mfungaji. Nilimjibu kama mtaalamu. Yule mwalimu alikuwa ameona kitu ndani yako, labda kile kilekile ambacho kocha wa Kigali anakitafuta sasa, na mimi nikamsindikiza hadi barabarani nacho.

Kwa hiyo mtu anapokuambia kwenye simu kwamba hana mtu mzima, na wewe unasikia kwamba hana nafasi yako, najua ulijifunzia wapi kusikia hivyo. Ulijifunzia mlangoni hapa. Siwezi kuomba msamaha wa jambo hilo nikategemea litanyooka kwa jioni moja. Naliandika ili ujue kwamba mengine unayoyabeba ni yangu, na unaweza kuyaacha hapa Maili Moja.

Nilikuwa nimefika hapo, nadhani nimemaliza, simu ikaita. Namba ngeni, ya nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Gadi, mama. Nacheza timu moja na kaka Elia. Yaani, kuanzia kesho. Namba nimepewa na kocha, samahani."

"Elia hayupo, amekwenda kwa bibi yake."

"Nimempigia, hapokei. Kocha alitaka kumtuma dereva kesho, nikaomba niende mimi uwanja wa ndege. Sasa nilitaka kujua ana mabegi mangapi."

Unanijua. Nikamuuliza, "Umepiga simu kutoka Kigali kwa ajili ya mabegi?"

Nilisikia pikipiki kwake, na mtu akicheka mbali.

"Hapana, mama. Nataka kujua kama bado amekasirika. Ile video siyo mimi niliyeirusha. Na siku ile baada ya mechi nilimfuata mlangoni, nikamwamkia. Hakuitikia. Nikajua hajasikia, nikamwamkia tena. Wenzangu walikuwa wanaangalia." Akavuta pumzi. "Mama, mimi nikiwa shule tulikuwa tukitafuta mechi za kaka kwenye simu ya mwalimu. Ile chenga nimeipata kwake. Nilitaka tu kumwambia hivyo."

Mambo ya kuamkiwa hukuniambia. Nilikuwa uwanja uleule, nikahesabu pointi zako, nikatuma habari kwa wakati, na hilo sikuliona. Kijana alikupa shikamoo mara mbili mbele za watu, naye ndiye aliyekuwa ameshinda siku ile kwenye macho ya kila mtu. Wewe ukapita.

Sikukutetea, Elia. Sikukusema vibaya pia. Nilimwambia kwamba hayo ni ya kwenu wawili, akuulize mwenyewe. Akasema, "Haya, mama." Nikamwambia una mabegi mawili.

Atakuwa amesimama pale abiria wanapotokea. Amesema atakuamkia tena.

Mama yako